Kwetu Hakuna

Tlawi, Mbulu
9 Machi 2025

Kaka Vicent,

Shikamoo. Shikamoo nyingi pia kwa wifi Fausta, na uwasalimie wanao Getruda na Benedict. Huku mvua zimeanza vizuri, maharage yameota, kifua changu kimepona kwa dawa za kituo cha afya. Tunamshukuru Mungu kwa hayo.

Utashangaa nakuandikia kwenye karatasi wakati watu wote wanapigiana simu. Kwanza, wewe simu hupokei. Ikilia unaitazama mpaka inyamaze, wifi ndiye anayekimbilia. Pili, simu yangu siku hizi inalala kwa shemeji Lukasi kwa sababu kwake ndiko kwenye sola, na nikipiga anataka niweke sauti kubwa boma zima lisikie. Ndiyo maana barua hii nimempa Hilary wa vitunguu saumu. Lori lake linapita Gitting kufuata viazi. Jibu umkabidhi yeye mwenyewe mkononi.

Jambo lenyewe ni Konsolata. Ametimiza miaka saba na bado hajasema hata neno moja. Unajua tangu tumzike baba yake, marehemu Gidion, mwezi wa kwanza, nyumba yangu imetengwa kama mila yetu ilivyo. Hatuchoti maji kwenye chemchemi ya watu wote, hatuingii nyumba za majirani, ng'ombe wetu hawalishi na wa wengine, mpaka wazee watakapotuondolea. Mimi nafuata. Mtoto hajui. Nikigeuka tu, ameshuka chemchemini, ameweka mikono pale maji yanapotokea, na hapo hatoki. Watu wamemwona.

Wiki iliyopita ng'ombe wa jirani yangu Monica alitupa mimba. Jana akatupa wa mzee wa jirani. Hakuna aliyeniambia kitu. Lukasi amekata miti ya miiba na kuirundika karibu na lango langu. Nimemuuliza ni ya nini, akasema ya kuziba zizi lake. Zizi lake halina tundu, kaka.

Nilimpeleka mtoto kwa daktari Kissa, yule dada wa Kinyakyusa aliyehamishiwa kituo chetu. Alicheza naye, akamwangalia sana, akasema ni usonji. Siyo laana wala siyo kosa langu, amezaliwa nao. Akaniuliza kama kwetu yupo mwingine, kwa sababu mara nyingi unatembea kwenye ukoo. Nilimkumbuka Benedict.

Ndiyo nakuuliza: lile jina la Kizungu ambalo daktari alimwandikia Benedict akiwa mdogo, ndilo hili hili?

Mdogo wako,
Mectilda


Gitting, Hanang
30 Machi 2025

Mpendwa Mectilda,

Marahaba. Natumaini barua hii itakukuta mzima; sisi huku tu wazima. Wifi yako anakusalimu. Ngano imesimama vizuri, mlima umefunikwa na wingu tangu Jumatatu.

Nakujibu kwa mpangilio. Kwanza, siyo ugonjwa, ni jinsi ubongo ulivyojengeka. Pili, Benedict aliandikiwa Asperger. Mtoto wa Asperger anaongea kwa wakati wake, tena kuliko wenzake. Benedict alisoma gazeti kabla hajaanza shule. Shida yake ni kidogo tu: hapendi kelele, hapendi kubadilishiwa mambo, na husema ukweli mahali usipotakiwa. Yuko kidato cha pili na hisabati anawafundisha wenzake. Konsolata haongei. Usichanganye mambo mawili. Nilimuuliza daktari yule mwenyewe wakati ule, akaniambia ni kitu kingine.

Tatu, tia kitasa mlangoni.

Nne, naomba hili uliweke moyoni. Getruda anaposwa. Kijana ni mhandisi wa maji, watu wake wanatoka kijiji cha Daudi. Unajua wanavyochunguza kabla ya kuoa: ukoo huu una kifafa? una wendawazimu? una nini? Kutoka Daudi hadi Tlawi siyo mbali, na maneno hayana nauli. Kwa hiyo jina la Benedict lisitajwe huko, wala kwa daktari.

Kaka yako,
Vicent


Tlawi
27 Aprili 2025

Kaka,

Shikamoo. Hongera kwa posa! Nimepiga vigelegele peke yangu jikoni, maana sina mtu wa kupiga naye. Mwambie Getruda shangazi anafurahi kweli, na kijana asipomtunza nitamfuata Daudi na mwiko.

Kitasa nimetia. Konsolata alikifungua siku ya tatu. Hakuna aliyemfundisha.

Nilirudi kwa daktari Kissa. Usikasirike, sikumtaja Benedict kwa jina, nilisema "mtoto wa ndugu yangu". Kusikia neno Asperger akatabasamu. Akasema zamani walitenga, siku hizi hawatengi tena. Jina lile wameliondoa, wote wamewekwa chini ya usonji, kwa sababu walipoangalia vizuri waliona mpaka wenyewe haupo. Tofauti ni msaada kiasi gani kila mmoja anahitaji. Akaniambia, "Mama, mvua ni ile ile. Kuna manyunyu na kuna ya kumwaga." Nikasema basi wote wameloa. Akacheka.

Mimi nilijua kabla yake. Unakumbuka Krismasi mlipokuja kabla ya msiba? Konsolata alikuwa anapanga maharage sakafuni, mekundu, ya njano, ya madoadoa. Mtu mzima akigusa moja tu, ni kilio mpaka jioni. Benedict akaketi pembeni yake, hakusema kitu, akawa anampa moja moja. Alimpa siku nzima. Mwishoni akaniambia, "Shangazi, hapangi kwa rangi, anapanga kwa ukubwa, rangi inatokea tu." Mwaka mzima nimeangalia maharage yale na sikuona. Na Konsolata alimcheka, kaka. Ana kicheko kizuri ambacho wewe hujawahi kukisikia.

Na wewe mwenyewe unayejibu barua kwa kwanza, pili, tatu, unafikiri ulitoka wapi? Marehemu baba alikula viazi vile vile kwenye sahani ile ile mpaka ilipopasuka, na siku ile hakula.

Sasa nisikilize. Ng'ombe watano wametupa mimba. Wazee wamekaa. Lukasi amesema mbele yao kwamba watamuuliza mjomba wa mtoto, ndiyo wewe, kama ilivyo desturi. Kama kwetu yupo mtoto wa namna hii, basi ni damu, amezaliwa hivyo, na kosa halipo. Watamwacha. Kama hayupo, basi kitu kimeingia naye ndani ya nyumba hii wakati wa msiba, na kinabidi kitolewe. Jinsi ya kukitoa hawajasema.

Naomba moja kati ya mawili. Waambie yupo. Au tuchukue mimi na mtoto, tukae kwako Gitting mpaka haya yapoe.

Mectilda


Gitting
8 Juni 2025

Mpendwa Mectilda,

Marahaba. Natumaini barua hii itakukuta mzima; sisi huku tu wazima. Nimechelewa kwa sababu ya mitihani ya nusu mwaka. Nasahihisha fizikia ya madarasa manne.

Nimesoma hicho alichosema daktari wako. Ni kweli wameunganisha majina, nimekikuta kwenye mtandao wa shule. Lakini wanaweza kubadili jina, hawawezi kubadili mtoto. Manyunyu hayaitwi mafuriko. Ukimwambia mtu wa kawaida "usonji", hamwoni Benedict, anamwona Konsolata. Nimetumia miaka kumi kumfundisha Benedict kutazama watu usoni, kuitikia shikamoo, kutoziba masikio kanisani. Sitaki yote hayo yafutwe kwa neno moja.

Kuhusu kuja kukaa hapa, chumba cha wageni kinapigwa plasta kwa ajili ya siku ya posa, ambayo ni tarehe 2 Agosti. Na kusema kweli, watu wa Daudi wakiwakuta hao wawili wameketi pamoja, mmoja anapanga maharage na mwingine anampa, hakuna haja ya wao kuuliza kitu. Watakuwa wameona.

Tafadhali vumilia mpaka Agosti. Ni miezi miwili tu. Ng'ombe hutupa mimba kwa magonjwa yanayojulikana. Mwambie Lukasi aite bwana mifugo.

Wifi yako amekuwekea gauni la joto ndani ya mfuko. Kuna na soksi za mtoto.

Kaka yako,
Vicent

Nimesahau: mtu wa Lukasi alipita hapa wiki jana. Tuliongea vizuri, akanywa chai.


Tlawi
22 Juni 2025

Kaka,

Shikamoo. Soksi zimemtosha. Hataki kuzivua hata kulala.

Mliongea nini?

Ukungu umekaa hapa wiki mbili sasa, ukitoka nje huoni hata zizi. Asubuhi nasikia watu wakipita karibu na ua wangu na hawasalimii. Zamani mtu akipita bila salamu tulisema huyo mgeni. Miiba ile imeondolewa langoni na sasa imezungushwa ukuta mzima wa nyumba, imebaki njia ya mtu mmoja. Nimeuliza tena. Lukasi amesema, "Shemeji, ni ya kumzuia mtoto asiteleze chemchemini." Alisema kwa upole sana. Ningependa angenifokea.

Monica, ambaye ng'ombe wake alikuwa wa kwanza, alikuja nyuma ya nyumba akiniogopa kama nina ukoma, akanong'ona kwamba kuna mzee huko chini tambarare, kuelekea kwenu Hanang. Siyo mwenyeji wa kule, amehamia tu, na wafugaji wenyewe wanamkwepa. Anapokea watoto wa namna hii. Anawaosha kwa dawa, wanakaa nje pamoja na ndama, wengine wamefungwa kamba mguuni ili kitu kilichowaingia kichoke. Nilimuuliza wanarudi lini. Monica akaniambia nimwangalie vizuri mtoto wangu, kisha akaondoka.

Kaka, wewe umezoea kujibu kwa mpangilio. Nijibu hili moja tu. Mtu wa Lukasi alikuuliza nini, na wewe ulimpa jibu gani?

Mectilda


Tlawi
13 Julai 2025

Vicent,

Hilary hajaja na jibu lako, sijui kama lipo. Hii nampa mtu wa trekta ampelekee huko huko Dongobesh, lori linakotengenezwa.

Sihitaji jibu tena. Lukasi aliita watu Jumatano. Mimi nilisimama nje ya mzunguko kwa sababu siruhusiwi kuketi nao. Alitoa karatasi mfukoni na kijana mmoja akaisoma kwa sauti. "Kwetu hakuna mtoto wa namna hiyo, wala hajawahi kuwepo." Jina lako chini, na muhuri wa shule. Hata muhuri, kaka.

Niliomba nione. Ni mwandiko wako. Ile h yako ndefu ambayo baba alikuwa anaisifia.

Wazee walikuwa wamegawanyika, naomba ulijue hilo. Mzee Joseph alikuwa amesema tumsubiri mjomba, huenda ni damu. Ilipokwisha kusomwa, mzee Joseph alifuta mikono kwenye suruali yake, akasema basi. Watamchukua baada ya kuvuna maharage.

Nilitaka kwenda mjini kwa watu wa ustawi wa jamii. Daktari Kissa yuko mafunzoni Babati, alikuwa anipeleke yeye. Nimejaribu kutoka peke yangu na mtoto mara mbili. Mara zote mbili nimemkuta Lukasi amekaa kwenye jiwe njiani, ananisalimia, ananiuliza tunakwenda wapi na baridi hii.

Nimekuwa nikivuna maharage polepole. Navuna tuta moja, napumzika. Konsolata anafurahi, amepata maharage mapya, anapanga kutwa nzima kuanzia jikoni kuelekea mlangoni. Hajui ninachopunguza ni siku zake.

Nilitaka kuandika kwamba sikulaumu. Hapana. Nakulaumu. Lakini njoo.

Mectilda


Gitting
3 Agosti 2025

Mectilda mdogo wangu,

Barua zako mbili nimezipata pamoja Ijumaa jioni, gari la Hilary lilikuwa limelala Dongobesh zaidi ya mwezi mzima. Sikuwa nimekujibu ile ya Juni kwa sababu sikuwa nimeipata. Hata ningeipata, sijui kama ningekuwa na ujasiri wa kujibu.

Jana ilikuwa posa. Benedict nilikuwa nimempeleka kwa rafiki yangu Philemon asubuhi, ashinde huko. Sikukumbuka kwamba Jumamosi saa saba lazima ale maharage nyumbani, kwenye kiti chake. Aliingia tukiwa katikati ya mazungumzo. Akaamkia wazee wote, mmoja mmoja, vizuri sana, kama nilivyomfundisha. Akaketi. Mzee wa Daudi, baba mkubwa wa kijana, alikuwa amefika kwenye swali lile. "Mwalimu, utusamehe, ni desturi. Kwenye ukoo wenu kuna hali yoyote ya kuzaliwa nayo tunayopaswa kuijua?"

Nikasema, "Kwetu hakuna."

Benedict akasema, "Baba amesahau. Mimi nina usonji. Zamani ulikuwa unaitwa Asperger. Na Konsolata wa shangazi anao, ila yeye haongei. Tuko wawili, na baba naye nadhani, lakini hajapimwa."

Fausta alishika kichwa. Getruda alitazama chini. Mimi niliona kila kitu kimeanguka. Na unajua yule mzee alifanya nini? Hata kikombe hakukiweka chini. Alisema, "Ah, huyo. Sisi tunaye mmoja, mdogo wa baba yangu, anawajua ng'ombe wa kijiji kizima kwa kwato zao. Tuendelee." Wakaendelea. Wameafikiana. Ilichukua muda mfupi kuliko chai.

Ndicho nilichokuwa nakificha. Kitu ambacho mtu alikimeza pamoja na chai. Naona aibu kiasi kwamba nashindwa kupanga maneno.

Ndani ya bahasha hii kuna barua kwa Lukasi na wazee. Nimeandika wazi: kwetu yupo, kwetu wapo, niliandika uongo. Wasome kwa sauti kama walivyosoma ile. Hilary anaondoka jioni hii. Mimi ninakuja Jumamosi na Benedict, nikipata ruhusa ya mkuu wa shule na mtu wa kunishikia vipindi. Usimalize kuvuna. Bakiza hata tuta moja.

Vicent


Tlawi, jikoni kwako
Jumamosi, 9 Agosti 2025

Mectilda,

Sijui nitampa nani barua hii. Monica amesema ataiweka.

Bahasha yangu nimeikuta kwenye miiba ya nyuma, upande wa barabara usiopita wewe, ilipochomekwa na Hilary aliyeogopa kuingia. Haijafunguliwa. Hakuna aliyethubutu kuigusa kwa sababu nyumba imetengwa. Kumbe ilikuwa inaning'inia hapo tangu Jumatatu, na watu wanapita.

Monica ameniambia. Alhamisi alfajiri, kwenye ukungu, walikuja na pikipiki mbili. Konsolata alikuwa amevaa soksi zile. Walimkalisha katikati, hakulia, alikuwa anasikiliza injini. Wewe ulikimbia nyuma yao bila viatu kushuka njia ya tambarare, na tangu hapo hakuna aliyewaona, wewe wala yeye. Alhamisi. Ruhusa yangu ilikuwa imesainiwa Jumatano saa nne. Nilibaki kwa sababu nilikuwa nimesema Jumamosi.

Nimekwenda kwa Lukasi. Nimesema mbele ya watu waliokuwepo: kwetu yupo, huyu hapa Benedict ndiye, na mimi ndivyo nilivyo, na baba yetu alikuwa hivyo hivyo, na yule mtoto ni damu yetu tupu. Nililia, wakaniona. Lukasi alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwalimu, ungeandika hivyo." Hakusema kwa ubaya. Aliniletea kigoda nikae.

Njia ya kwa yule mzee wa tambarare wamekataa kunionyesha. Mzee Joseph peke yake amenisogelea na kunitajia mto wa kuvuka. Daktari Kissa amerudi kutoka Babati, yuko mjini na watu wa ustawi wa jamii wanatafuta askari na gari. Wakifika tunashuka. Kama unaisoma hii maana yake umerudi kwa njia nyingine na tumepishana. Basi kaa hapa hapa, usiende popote, mimi nitarudi. Miiba nimeitoa yote kwa mikono.

Shambani umebakiza tuta moja. Nimeliona; hawakulisubiri.

Ndani maharage yako kama mlivyoyaacha. Mstari umeanzia jikoni, umepita chini ya meza, umefika karibu na kizingiti, madogo kwanza halafu makubwa, na hapo umekatika. Moja limekanyagwa. Nilitaka kuyakusanya yasiendelee kukanyagwa na hawa watakaoingia kutafuta. Benedict amenishika mkono, yeye ambaye hapendi kumgusa mtu. Ameketi sakafuni pale mstari ulipokatika, ana haragwe moja kiganjani, anatazama mlango.

Nimemwambia tuondoke, gari limefika, nalisikia. Amesema, "Baba, hajamaliza. Lazima awepo mtu wa kumpa."

Kaka yako,
Vicent